MCHEZO SI MWIZI WA SOMO: Namna Mazoezi ya Viungo Yanavyowasaidia Watoto Wadogo Kutulia Darasani

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya walimu wa madarasa ya chini, yaani wale wafundishao watoto wa umri wa miaka 4 hadi 8, pamoja na wazazi wa watoto hao. Jambo lenyewe laonekana dogo, lakini lina sehemu kubwa katika kufaulu kwa mtoto katika miaka yake ya kwanza ya shule. Swali ni hili: mtoto akipewa nafasi ya kukimbia, kuruka na kucheza, je, hupoteza wakati wa masomo, au huongezewa nguvu ya kusoma?

Kila mwalimu wa watoto wadogo anaijua hali hii. Kipindi kimeanza vizuri, na watoto wote wanautazama ubao. Zapita dakika kumi, kumi na tano. Mmoja aanza kuichezea kalamu yake. Wa pili amfinya mwenziwe. Wa tatu achungulia dirishani. Wa nne aomba ruhusa ya kwenda chooni, ingawa ametoka huko sasa hivi. Mwalimu apiga meza, watoto watulia kidogo, kisha ghasia yarudi. Ifikapo saa tano, nusu ya darasa wamo kwa miili tu, na fikira zao ziko mbali.

Walimu wengi huitafutia hali hii dawa moja, nayo ni kuongeza ukimya. Kipindi cha michezo hugeuzwa kuwa cha hesabu kwa kuwa mtihani unakaribia, na mtoto msumbufu hubakizwa darasani wenzake watokapo kucheza. Nia ni njema, lakini dawa hiyo huzidisha ugonjwa. Mambo yaliyopimwa katika nchi mbalimbali yaonyesha kwamba mtoto mdogo aliyepata nafasi ya kutumia viungo vyake kwa utaratibu huirudia kazi yake akiwa na usikivu zaidi. Kwa hiyo dakika chache za mwendo zisihesabiwe kuwa zimeibwa katika somo; ni sehemu ya somo lenyewe.

KWA NINI MTOTO MDOGO HATULII

Yafaa tuanze kwa kukumbuka kwamba kutulia ni kazi. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo isaidiayo sana katika mambo matatu yahitajiwayo darasani. La kwanza ni kujizuia: mtoto anajua jibu, lakini anyoosha mkono badala ya kupayuka. La pili ni kushika jambo akilini kwa muda mfupi: mwalimu amesema waandike tarehe, kisha wapige mstari, kisha wanakili hesabu, na mtoto hana budi kuyakumbuka yote matatu. La tatu ni kuhama kutoka amri moja hadi nyingine: hesabu za kujumlisha zimekwisha, sasa ni za kutoa.

Sehemu hiyo ya ubongo huchelewa kukomaa kuliko sehemu nyingine. Huendelea kukua hata mtu apitapo umri wa miaka 20. Basi kumwamuru mtoto wa miaka 5 akae kimya kwa saa nzima kama hakimu barazani ni sawa na kumtwisha debe la maji lililojaa. Huenda akajaribu, na huenda akafika hatua chache, lakini maji yatamwagika. Wala hayatamwagika kwa sababu ya ukaidi.

Tena kuna mwili wenyewe. Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wake, lakini wakati wa kupumzika hutumia kiasi cha sehemu 20 katika 100 za nguvu za mwili. Kwa mtoto wa umri wa miaka 5 hivi, sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Mtoto atembeapo au arukapo, moyo hupiga kwa kasi na pumzi huongezeka. Damu huzunguka vizuri zaidi, na mwili hutoa dawa zake za asili ziuamshao ubongo. Akaapo sana, mambo hayo hupungua, na usingizi humnyemelea.

Tusisahau pia mgongo na miguu. Katika shule nyingi mtoto mdogo huketi juu ya benchi lililotengenezwa kwa kipimo cha mtoto mkubwa. Miguu yake yaning'inia bila kugusa sakafu, na mgongo wake hauna pa kuegemea. Yule tumwitaye mtundu, aghalabu ni mtoto aliyechoka misuli, naye atafuta namna ya kujipumzisha.

Kwa sababu hizo Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri yake mwaka 2019 na mwaka 2020. Lilisema kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 ahitaji mwendo wa mwili wa dakika 180 kwa siku, na katika hizo dakika 60 ziwe za kuchangamsha mwili sana au kiasi. Tena asizuiwe mahali pamoja bila kujongea kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 17, mazoezi ya kuchangamsha mwili yafikie wastani wa dakika 60 kila siku. Mwalimu akilinganisha hesabu hiyo na siku ya mtoto aketiye darasani tangu asubuhi hadi adhuhuri, ataona pengo liko wapi.

MAMBO YALIYOPIMWA

Wazo hili si geni. Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Ujerumani mwaka 1837, aliuweka mchezo katikati ya mafundisho yake. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwazoeza watoto kutembea juu ya mstari uliochorwa sakafuni, ili wajifunze kuutawala mwili na fikira pamoja. Lakini wao waliongozwa hasa na macho yao wenyewe. Wataalamu waliofuata walipima.

Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Charles Hillman na wenzake walitoa habari za jaribio lao mwaka 2009. Walichukua watoto 20 wa umri wa miaka 9 au 10. Siku moja watoto walipewa mtihani wa usikivu baada ya kupumzika. Siku nyingine walipewa mtihani wa namna hiyo hiyo baada ya kutembea kwa haraka dakika 20. Baada ya kutembea walijibu kwa usahihi zaidi, na katika kusoma kwa kuelewa walifanya vizuri zaidi pia. Katika kuandika maneno kwa usahihi na katika hesabu haikuonekana tofauti. Hilo latufundisha kwamba mazoezi huiamsha akili, lakini hayachukui mahali pa kufundishwa.

Huko North Carolina, Marekani, Matthew Mahar na wenzake walitangaza matokeo yao mwaka 2006. Walimu walifanyiza watoto mazoezi ya dakika 10 hivi humo humo darasani, na watu waliketi kando wakihesabu ni mara ngapi kila mtoto alikuwa akiishughulikia kazi yake. Baada ya mazoezi, kushughulika na kazi kuliongezeka kwa kiasi cha sehemu 8 katika 100. Na wale watoto waliokuwa wazembe kuliko wote, ndio waliopata faida kubwa kuliko wote, kiasi cha sehemu 20 katika 100. Tunamwomba msomaji ayashike sana maneno haya, kwa maana tutayarudia.

Huko Uholanzi, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalihusu watoto 499 wa madarasa ya chini, waliofuatwa kwa miaka miwili. Baadhi yao walifundishwa hesabu na maneno kwa mwendo: mtoto hujibu hesabu kwa idadi ya miruko, au huruka mara moja kwa kila herufi atajayo. Masomo ya namna hiyo yalifanywa mara tatu kwa juma. Mwisho wake, watoto hao waliwapita wenzao katika hesabu na katika kuandika maneno, na tofauti yao ilikuwa sawa na kusoma zaidi ya miezi minne ya ziada. Katika kusoma hawakuwapita.

Jambo la nne ni la kipimo. Katika Uingereza, uchunguzi wa watoto zaidi ya 5,000 uliotangazwa mwaka 2020 ulilinganisha namna tatu za mapumziko: kukaa au kusimama tu, kukimbia au kutembea dakika 15 kila mtoto kwa mwendo wake mwenyewe, na kukimbia mpaka karibu ya kuishiwa nguvu. Waliokwenda kwa mwendo wao wenyewe ndio waliorudi wakiwa macho zaidi. Kumchosha mtoto hakuleti utulivu. Huleta uchovu tu.

MICHEZO YENYE AMRI

Mazoezi yote si sawa. Adele Diamond, mtaalamu wa maendeleo ya ubongo wa watoto, ameeleza kwamba mazoezi yanayotaka fikira huelekea kuijenga akili ya mtoto kuliko mazoezi yasiyotaka fikira. Kuzunguka kiwanja kama ng'ombe akanyagaye nafaka ni vizuri kwa moyo na mapafu. Lakini mchezo wenye amri, ambao mtoto hana budi kusikiliza, kukumbuka na kujizuia, huzoeza mambo yale yale ayahitajiyo mbele ya ubao.

Walimu wa Kenya hawana haja ya kuagiza michezo hiyo kutoka ng'ambo. Watoto wetu wanayo. Fikiria mchezo ujulikanao sana wa nyama. Kiongozi husimama mbele na kutaja majina ya wanyama mmoja mmoja kwa haraka. Akimtaja mnyama ambaye nyama yake huliwa, kama mbuzi au ng'ombe, watoto wote huruka na kuitikia. Akimtaja mnyama asiyeliwa, kama simba au fisi, yampasa kila mtoto akae kimya bila kujongea. Arukaye hutoka mchezoni. Mtu apitaye njiani ataona watoto wanapiga kelele. Kumbe kila mtoto anafanya kazi tatu kwa pamoja: anasikiliza, anafikiri, na anauzuia mwili wake uliokwisha kuwa tayari kuruka. Hiyo ndiyo kazi ile ile ya kuuzuia ulimi usipayuke darasani. Badiliko moja tu lafaa: atokaye mchezoni asiachwe pembeni akitazama, kwa kuwa mara nyingi ndiye ahitajiye mazoezi zaidi. Apewe kazi ya kuwa mwamuzi kwa zamu moja, kisha arudi.

Hali kadhalika kuna mchezo wa kusimama ngoma inyamazapo, na mchezo wa amri za kinyume, ambao mwalimu akisema “gusa kichwa” watoto hugusa vidole vya miguu. Kule Marekani, michezo ya namna hii ilijaribiwa kwa watoto ambao hawajaanza shule ya msingi, na habari zake zikatangazwa mwaka 2011. Watoto waliokuwa dhaifu katika kujitawala walipata maendeleo. Kuruka kamba kwa kuhesabu, na michezo ya duara ya pwani kama ukuti, hufundisha kufuata mapigo pamoja na wenzake.

NAMNA YA KUFANYA KATIKA DARASA LENYE WATOTO WENGI

Mwalimu atauliza: “Mimi nina watoto 60 katika chumba kimoja, na kiwanja kimejaa matope. Nitafanyaje?” Swali ni la haki. Tangu ada za shule za msingi zilipoondolewa nchini Kenya mwaka 2003, madarasa mengi yalifurika. Yafuatayo yawezekana hata hivyo, wala hayataki vyombo vya kununuliwa.

Kwanza, kabla ya kipindi cha asubuhi, toa dakika 10 za mwendo wa wastani nje: kutembea kwa haraka, kukimbia polepole, kuruka kwa mguu mmoja. Kila mtoto aende kwa nguvu zake.

Pili, katikati ya vipindi viwili, toa dakika 3 hadi 5 ndani ya darasa. Watoto wasimame kando ya madawati yao. Wanyooshe mikono juu, wachuchumae na kuinuka mara kumi, watembee papo hapo, kisha wacheze mchezo mmoja wa amri. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchini kote mwaka 2019, vipindi vya watoto wadogo viliwekwa kuwa vya dakika 30. Basi hakuna kinachoharibika kwa kupumzika kati ya kimoja na kingine.

Tatu, tia mwendo ndani ya somo lenyewe. Chora ardhini mstari wenye tarakimu 0 hadi 10. Mtoto asimame juu ya 5, aruke mara 3 mbele, aseme amefika wapi. Kisha aruke mara 2 nyuma. Huyo amejumlisha na kutoa kwa miguu yake. Herufi zaweza kuchorwa mchangani, nao watoto wazipite kwa kukanyaga.

Nne, tumia ishara moja ya kuanza na ishara moja ya kunyamaza, iwe pigo la ngoma au makofi matatu, na uizoeze kwa juma la kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Ghasia haitokani na mazoezi. Hutokana na mazoezi yasiyo na mwisho unaojulikana.

Tano, usiwatoe watoto mbioni ukawaketisha kwenye hesabu mara moja. Toa dakika moja ya kutuliza mwili: wasimame wima, wavute pumzi polepole mara tano, kisha waketi.

Mwalimu awaangalie pia watoto wenye ulemavu au ugonjwa. Mtoto asiyeweza kutembea aweza kutumia mikono, kupiga ngoma, au kuwa kiongozi wa kutaja majina ya wanyama. Mwenye pumu asilazimishwe kukimbia vumbini. Na mtoto aliyekuja bila kula chochote asidhaniwe kwamba kuruka kutamshibisha. Mazoezi hayachukui mahali pa uji; mwenye njaa apewe mwendo wa taratibu, na shauri la chakula chake lizungumzwe na wazazi.

KOSA MOJA KUBWA

Sasa turudi kwenye yale maneno tuliyomwomba msomaji ayashike. Tumeona kwamba wapatao faida kubwa kuliko wote ni wale watoto wasiotulia. Lakini ni nani anyimwaye mapumziko katika shule zetu? Ni mtoto yule yule. Hakumaliza kazi, basi abaki ndani aimalize wenzake wakicheza. Alisumbua, basi apige magoti mpaka kengele ilie. Kwa adhabu hiyo tumemnyang'anya dawa mgonjwa, tukawapa walio wazima. Kipindi kifuatacho atakuwa msumbufu zaidi, adhabu itaongezwa, na mwishowe mtoto ataamini kwamba yeye ni mbaya na shule si mahali pake. Wengine huacha shule mioyoni mwao kabla ya kufika umri wa miaka 8, ingawa miili yao huendelea kuja.

Kenya iliondoa viboko katika sheria za shule mwaka 2001, na sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu za mwili pamoja na mateso ya moyo. Basi adhabu ya kunyimwa mchezo isichukue mahali pa kiboko. Kama mtoto hakumaliza kazi, ipunguzwe au aimalize wakati mwingine. Kama amesumbua, apewe kazi ya kutumia mwili: agawe vitabu, afute ubao, apeleke ujumbe kwa mwalimu wa darasa la pili. Mapumziko yawe haki ya kila mtoto.

Kwa upande mwingine, tusiahidi miujiza. Faida iliyopimwa ni ya kiasi, tena hupita baada ya muda, kwa hiyo mazoezi hufanywa kila siku. Na mtoto ambaye hatulii kabisa, nyumbani na shuleni, mwezi baada ya mwezi, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Huenda hasikii vizuri, haoni vizuri, au ana shida nyingine itakayo msaada wa mtaalamu.

MANENO MACHACHE KWA WAZAZI

Mzazi akikuta watoto wanaruka uwanjani wakati wa masomo, asifanye haraka kulalamika kwamba ada na sare zake zinapotea bure. Aulize wanajifunza nini. Nyumbani nako, mtoto aliyerudi kutoka shule asiketishwe papo hapo kwa kazi ya kuandika, wala asiachiwe simu mpaka usiku. Acheze kwanza nje, ateke maji kidogo kwa chombo cha kipimo chake, akimbize kuku. Kisha aoge, aandike, alale mapema. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

JARIBIO LA MAJUMA MAWILI

Mwalimu asiyesadiki asikubali kwa maneno yetu tu; apime mwenyewe. Juma la kwanza, afundishe kama kawaida yake. Kila siku, katika dakika ya kumi na tano ya kipindi cha pili, ahesabu kimya kimya ni watoto wangapi wanaishughulikia kazi yao, na kuandika hesabu hiyo. Juma la pili, atoe dakika 5 za mchezo wenye amri kabla ya kipindi hicho, kisha ahesabu vile vile. Alinganishe majuma hayo mawili, na awaonyeshe wenzake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MKUTANO WA WALIMU

1. Katika shule yetu, vipindi vingapi vya michezo viligeuzwa kuwa vya masomo mengine mwezi uliopita, na kwa sababu gani?

2. Ni watoto gani walionyimwa mapumziko juma hili? Je, ni wale wale wa juma lililopita?

3. Taja michezo mitatu ya watoto wa mahali hapa inayotaka kusikiliza na kujizuia. Ni upi ufaao kuchezwa ndani ya darasa?

4. Je, miguu ya mtoto mdogo kuliko wote inafika sakafuni aketipo? Kama haifiki, tutafanyaje kabla ya muhula ujao?